Siku moja maishani mwangu: London kwenda New York, mezani kwangu

Saa 11 alfajiri. Naingia zamu. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege. Skrini zote hapa zinasoma UTC, saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, kwa hiyo zinaandika 05:00 na mimi kimoyomoyo nasema kumi na moja. Sijaacha, wala sitaacha.

Saa 12 na dakika 10. Ndege ya usiku kutoka New York imetua London dakika 35 kabla ya ratiba. Huko juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, upepo mkali unavuma kutoka magharibi, na majira ya baridi huzidi. Umeisukuma usiku kucha. Ila maegesho yao bado yana ndege nyingine! Abiria wanakaa dakika 25 wakiutazama mlango dirishani.

Saa 2. Sasa ndege ya kwenda New York. Kwa njia ya mkato, inayofuata mviringo wa dunia, London na New York zimeachana kama kilomita 5,550. Namba nzuri ya kubishania, hainisaidii sana. Programu inanipa njia ya kilomita 5,800, imepinda kukwepa kiini cha upepo. Ndege inakata hewa kwa kilomita 890 kwa saa. Upepo wa mbele, mabaharia wangesema pepo za omo, unakula 100. Zinabaki 790. Gawanya: masaa 7 na dakika 20 angani. Ardhini, viwanja vyote viwili, naweka dakika 30.

Kisha mafuta: ya safari, ya dharura njiani, ya kufikia kiwanja mbadala, na ya dakika 30 za mwisho ambazo hakuna anayepanga kuzigusa.

Saa 3 na nusu. Rubani anapiga simu. Ameona theluji kwenye utabiri wa New York, anataka tani 2 zaidi. Kubeba mafuta kwenyewe kunachoma mafuta, lakini atakayekuwa huko ni yeye. Naongeza.

Saa 5 na dakika 12. Imepaa.

Saa 7 mchana. Dada yangu ananitumia picha ya tiketi yake. "Naondoka London saa 5, nafika New York saa 8. Masaa matatu tu?"

"Ongeza 5, saa za miji hiyo zimepishana. Ni 8."

"Na kurudi? Saa 1 usiku mpaka saa 1 asubuhi."

"Hapo punguza 5. Ni 7."

"Kwa hiyo kurudi ni karibu zaidi?"

Namsimulia Boeing 747 ya Februari 2020, iliyotoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, dhoruba ikiisukuma. Anajibu: "Basi nitafutie hiyo."

Saa 11 jioni. Nakabidhi zamu. Kwenye skrini, nukta ya ndege yangu iko juu ya Canada, imebakiza saa 1 na dakika 36. Mpango wangu ulisema saa 1 na dakika 32.