Acheni Kulihudumia, Lakini Liacheni Lilipo

Ukurasa wa matoleo ya zamani ya programu yangu ya kudarizi, kwenye tovuti ya walioitengeneza, haujafutwa. Ungefutwa ningeelewa haraka zaidi. Upo palepale, na kichwa chake ni kilekile, "Matoleo yaliyotangulia", ila chini yake kuna toleo la 7 na la 8, basi. La 4, la 5 na la 6 yameondolewa bila hata mstari mmoja wa kuaga. Mimi nilikuwa nimefuata la 4.

Kazi yangu ni kudarizi kwa mashine: nembo za sare, majina kwenye mataulo, maandishi mgongoni mwa jaketi. Watu wakiona mashine inashona yenyewe wanadhani kazi yote iko pale. Kazi iko kwenye kompyuta, kabla uzi haujaguswa. Unachora umbo, unaielekeza programu kwamba sehemu hii ijazwe, hii ishonwe kwa satini, yaani mishono mirefu iliyobanana, mishono ielekee huku, iachane milimita 0.4, na kwanza upite mshono wa chini wa kushikilia kitambaa. Kitambaa nacho kina ukaidi wake. Uzi ukikaza kinavutwa, na duara ulilolichora vizuri linatoka limebonyea. Kwa hiyo unaliongezea unene kidogo upande ule litakakovutwa, ndiyo fidia, likishonwa linakaa sawa. Maamuzi yote hayo, na mengine chungu nzima, yanakaa ndani ya faili la mchoro, ambalo ni la programu hiyo tu na halifunguki kwingine.

Mashine yenyewe haitaki habari hizo. Inapewa faili la mishono, mara nyingi DST, ambalo ni mlolongo wa maagizo: sogea kiasi hiki, choma, sogea, choma, simama uzi ubadilishwe. Faili la DST halijui hata rangi. Linajua tu kwamba hapa uzi unabadilika, wa rangi gani ni shauri lako. Ukilikuza hivihivi, mishono inaachana na kitambaa kinachungulia katikati. Ukilipunguza, mishono inalundikana sehemu moja mpaka sindano inakatika.

Ndiyo maana mteja akirudi baada ya miaka na kusema, "Fundi, ile nembo ya kofia sasa naitaka mgongoni, halafu mwaka uubadilishe," DST hainisaidii kitu. Nahitaji faili la mchoro. Na faili la mchoro linahitaji programu iliyolizaa.

Programu ninayo. CD yake ninayo, na kile kidude cha USB cha leseni, ambacho kisipochomekwa programu haifunguki, kiko mezani kwangu. Leseni haina tarehe ya mwisho. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi inasema hivyo kwa herufi nzito. Diski ya kompyuta yangu ya zamani ilipokufa sikushtuka sana, kwa sababu michoro yote ilikuwa na nakala pembeni. Nilitafuta kompyuta nyingine ya umri uleule, nikasakinisha kutoka kwenye CD, nikafungua mchoro wa kwanza. Ukakataa. Wa pili, ukakataa. Ujumbe ulikuwa mfupi: faili hili limehifadhiwa na toleo jipya zaidi.

Hapo ndipo mkwamo ulipo, na naona wengi wanaozungumzia mambo haya wanaruka sehemu hii. CD inabeba programu jinsi ilivyokuwa siku ilipochapwa, na siku ile ilikuwa na kasoro zake. Yangu ni 4.0. Kazi zangu zote za miaka iliyofuata nilizifanya kwenye 4.2, ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye CD hata siku moja. Ilikuja kwa mtandao: programu ilijisasisha yenyewe, ikashusha ilichotaka, ikajirekebisha, ikafuta vifungashio vyake, ikaniambia niwashe upya. Hakuna faili lililobaki ambalo mtu angeweza kulitunza. Kwa hiyo nilichonunua kiko nusu mezani kwangu na nusu kwenye seva yao, na ile nusu yao wameiondoa.

Niliwaandikia. Walijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, na sina kinyongo na aliyenijibu maana yeye hakuamua. Toleo hilo halihudumiwi tena, alisema, na akanipa kiungo cha kujiunga na toleo la 8 kwa malipo ya kila mwezi. Nikamjibu kwamba sihitaji huduma. Likiharibika, ni juu yangu. Lisipofunguka kwenye kompyuta mpya, sitamsumbua mtu. Nataka faili moja tu ambalo hadi mwaka jana lilikuwa likining'inia kwenye ukurasa wao. Jibu la pili lilikuwa ni lile la kwanza, neno kwa neno.

Basi nikalijaribu hilo la 8 kwa zile siku za majaribio, nisije nikaonekana mbishi wa bure. Linafungua michoro ya toleo la 4, hilo kweli. Ila halikionyeshi kilichomo. Linachukua maumbo na kuyapigia hesabu upya kwa kanuni zake. Nilichukua nembo moja ya shati yenye maandishi ya urefu wa milimita 5 kuzunguka ukingo, nikaishona kwa DST yangu ya zamani, kisha nikaishona ilivyotoka kwenye toleo la 8. Kitambaa kilekile, uzi uleule, fremu ileile. Kwenye ya pili, tundu la kila "e" lilikuwa limezibwa. Ile fidia niliyoipa kwa mkono, programu mpya iliongeza na ya kwake juu. Mshono wa chini ulibadilishwa mwelekeo, na ukingo wa kushoto ulijikunja kidogo ulipotoka kwenye fremu. Sisemi toleo la 8 ni baya. Kwa mchoro ninaouanza leo ningelitumia bila shida. Lakini sare hununuliwa kwa mafungu, na shati la mwaka huu linasimama bega kwa bega na shati la miaka mitatu iliyopita. Macho huenda moja kwa moja kwenye tofauti.

Hili si la kampuni moja ya programu za kudarizi ambayo wengi hamjawahi kuisikia. Mei 2019 Adobe iliwaandikia baadhi ya wateja wa Creative Cloud, programu zake za ubunifu za kulipia kwa kipindi, kwamba hawana tena leseni ya kutumia matoleo fulani ya zamani, na kwamba wakiendelea wanaweza kudaiwa na watu wengine kwa kukiuka haki. Wakati huo Dolby, kampuni ya teknolojia ya sauti, ilikuwa imeshaifungulia Adobe kesi. Vyovyote iwavyo, mbunifu aliyekataa kupanda toleo kwa sababu zake za kazi aliambiwa kuwa chombo alichokuwa akikilipia jana leo ni hatari kwake. Microsoft nayo iliondoa programu za Windows Essentials 2012, pamoja na Movie Maker ya kuhariri video, Januari 2017. Watu hawakuacha kuitafuta. Novemba mwaka huohuo kampuni ya usalama ya ESET ilionya kuhusu tovuti iliyokuwa ikitoa Movie Maker ya bandia, iliyokuwa juu kabisa kwenye matokeo ya Google, ikiwatoza watu pesa kwa kitu kilichokuwa cha bure. Kwangu hilo ndilo jibu kwa wanaosema matoleo ya zamani yanaondolewa kwa usalama wetu. Ukiondoa faili halali, anayelihitaji hakubali kulala njaa; anakwenda kwa matapeli.

Tuwe wa haki lakini. Sababu za kuondoa zipo, na nyingine zina uzito. Agosti 2020 Microsoft iliondoa kwenye kituo chake cha upakuaji mafaili ya Windows yaliyotiwa sahihi kwa SHA-1, hesabu inayolipatia kila faili alama yake, kwa kuwa mbinu hiyo ilikuwa imeshavunjika. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya utafiti ya CWI Amsterdam walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1. Hiyo ni hoja ya mtu mzima, ingawa mafaili yangeweza kutiwa sahihi upya. Adobe ilipoacha Flash Player mwisho wa 2020 na kuondoa kurasa za upakuaji, nilielewa pia. Kitu kinachokaa ndani ya kivinjari kikipokea chochote kinachotoka mtandaoni ni mlango, na mlango mbovu hufungwa. Programu yangu haipokei chochote kutoka popote. Inachora nembo.

Hoja ya gharama ndiyo inayonishinda kuimeza. Sasisho lote lilikuwa dogo kuliko video za matangazo zinazojicheza kwenye ukurasa wao wa mbele. Na wapo wanaoweza: Mozilla imeweka wazi matoleo ya kivinjari chake cha Firefox tangu ya mwanzo kabisa, unachagua unalolitaka, na onyo liko hapo kwamba ya zamani si salama. Debian, wanaotoa mfumo huria wa kompyuta, wana hifadhi ya vifurushi vya programu inayorudi nyuma hadi 2005, ambamo unataja tarehe na kupewa vifurushi jinsi vilivyokuwa siku hiyo. Hawakupi huduma ya vitu hivyo. Hawakuahidi. Wameviacha tu mahali vilipo.

Nilipita pia Internet Archive, ambao wamekuwa wakihifadhi kurasa tangu 1996. Ukurasa wangu nilikuta wameuhifadhi, tena na toleo la 4.2 limeorodheshwa, na kitufe chake cha buluu. Nilibonyeza. Kitufe kiliongoza kwenye lango la wateja, la jina na neno la siri, na nyuma ya lango hilo mashine za kuhifadhi kurasa hazikuweza kupita. Kwa hiyo walichonacho ni picha ya rafu.

Faili nililipata kwa fundi mwenzangu ambaye hatujawahi kuonana uso kwa uso. Yeye alikuwa akisasisha kompyuta isiyo na intaneti, kwa hiyo alilazimika kulipakua sasisho kama faili kamili na kulihamisha kwa flashi. Bado alikuwa nalo. "Chukua ndugu yangu, ila lipime kabla hujalifungua, mimi mwenyewe sijui flashi hii imepita wapi," akaandika. Ushauri mzuri, na kulipima kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, uende kwenye sehemu ya sahihi za kidijitali. Mtengenezaji akiwa amelitia sahihi, jina lake litakuwepo na mfumo utakwambia kama sahihi ni halali. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, sahihi inavunjika. Haijalishi limepitia mikono mingapi. Na kama sahihi ilipigwa muhuri wa muda siku ilipowekwa, inabaki halali hata cheti chenyewe kikiisha muda. La kwangu lilikuwa na vyote viwili. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuhangaika, kampuni ilinisaidia, bila kujua.

Michoro ilifunguka. Ile nembo ya kofia nikaikuza ikafika mgongoni, matundu ya "e" yakabaki wazi, mwaka nikaubadilisha.

Sasa kompyuta hiyo haiunganishwi na mtandao kabisa, na kisakinishi cha 4.0, sasisho la 4.2 na programu ya kutambua kile kidude cha leseni vimekaa kwenye diski mbili tofauti, pamoja na faili la maandishi lenye alama za SHA-256 za kila kimoja, herufi na tarakimu 64 kila mstari. Nimeanza pia kuiandikia kila kazi kubwa karatasi ya maelezo: msongamano, mwelekeo wa mishono, fidia, mshono wa chini. Siku programu ikigoma moja kwa moja, fundi mwingine anaweza kuichora upya kwenye programu yoyote, hata kwenye Ink/Stitch ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi.

Kilichobaki ni kidude chenyewe. Kikifa, nakala zote hizo hazina kazi. Adobe walipozima seva ya kuidhinisha CS2, mkusanyo wao wa zamani wa Photoshop na wenzake, Januari 2013 waliweka matoleo yasiyohitaji seva hiyo pamoja na namba zake, ili waliokuwa wamenunua wasikwame. Mapungufu yalikuwepo, watu wengi walidhani ni zawadi kwa kila mtu, lakini wenye leseni waliendelea kufanya kazi. Nimewaandikia wale wangu tena, safari hii sikuomba faili. Nimeuliza kama watafanya vivyo hivyo kwa wenye vidude vya toleo la 4, na nimeambatisha picha ya ile karatasi ya herufi nzito. Nimepewa namba ya tiketi.