Siku Moja Maishani Mwangu: Nalipwa Kumzuia Mtu Asilale

Saa kumi na mbili asubuhi nafika maabara ya usingizi hapa Minnesota, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi mgonjwa, kijana wa sekondari aliyelala hapa na nyaya za kupima usingizi kichwani. Anapata kifungua kinywa bila kahawa, nyaya zilizolegea nazibandika upya, basi.

Nyumbani husema kazi yangu ni kutazama watu wakilala. Waje siku ya kipimo cha mchana, cha kuona mtu anapitiwa na usingizi upesi kiasi gani! Mgonjwa hupewa nafasi tano za kulala, moja kila baada ya saa mbili, na katikati hapo haruhusiwi hata kusinzia. Askari wa kulinda hilo ni mimi.

Saa tatu. "Tazama juu. Chini. Kulia, kushoto. Uma meno." Mistari kwenye skrini inaitika, nazima taa. Dakika 20 zikipita hajalala, nawasha taa. Akilala, namwachia 15 zaidi. Huyu hakumaliza hata tatu. Punde mistari ya macho ikaanza kurukaruka na wa kidevu ukatulia kabisa: usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida huja baada ya saa moja na nusu hivi.

Saa tano, vilevile.

Sasa baba yake. Ni mzee wa kwetu Kenya, na nadhani kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili kulimfungua mdomo. "Sister, huyu ni mvivu tu. Shuleni analala, kanisani analala. Mimi nina kazi mbili, usingizi sipati!" Namjibu, "Mzee, tungoje kipimo," huku namgonga kijana bega maana kashaanza kulala kwa kusimama. Namtembeza koridoni. Tunarudi. Mzee anaendelea: kwa nini tumnyime mtoto usingizi halafu tumwite mgonjwa wa usingizi? Bima inalipa upuuzi huu? Tunatembea tena. Miguu yangu inawaka moto.

Kijana akaniigizia mwalimu wake wa hesabu, akacheka mwenyewe. Kicheko hakijaisha, taya likamning'inia, magoti yakakunjika. Nikamdaka kwapani. Macho yalikuwa wazi, ananisikia, ila shingo haikubali kuinuka. Baada ya muda mfupi akasimama.

"Maigizo yake hayo," mzee akasema.

Hapo nilikasirika. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari, na mimi niliandika tu nilichokiona na saa yake. Lakini nilimketisha mzee. Ndani ya ubongo, kwenye sehemu ndogo ya chini iitwayo haipothalamasi, kuna seli makumi ya maelfu tu, katika mabilioni, zinazotengeneza oreksini, kipande kidogo cha protini. Kazi yake ni kuvihimiza vituo vya kukesha, vile vinavyotumia kemikali za histamini na noradrenalini, visilegee. Iligunduliwa 1998. Mwaka 2000 watafiti walipochunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na nakolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana, walikuta seli hizo karibu zote zimepotea. Bila oreksini, kukesha ni mlango usio na komeo: usingizi huingia utakapo, na ule ulegevu wa misuli unaotushika tukiota humwangukia mtu yuko macho, mara nyingi akicheka.

Mzee alinyamaza. Nikaongeza kwamba kuna kidonge kilichoidhinishwa Marekani 2014 kinachoizuia oreksini, ili wasiopata usingizi walale.

"Hicho nipe mimi."

Saa saba, saa tisa, sijui nini kilitokea lini. Nilimpeleka chooni, nikagonga mlango kila mara asije akalala humo, nikamnyang'anya soda yenye kafeini aliyoificha mfukoni. Kahawa sinywi mbele ya mgonjwa, nayo harufu inatoka chumba cha wauguzi.

Baada ya nafasi ya tano namwosha gundi nyweleni kwa maji ya moto. Mzee kashika koti la mwanawe.

"Sister, kwenye gari anaweza kulala?"

"Mwache alale, mzee."