Nilivyojenga vyoo vya skuli na kisima kwenye maweni

Kwenye maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, kama Micheweni (Pemba) au Makunduchi (Unguja), naanza na choo, kisima baadaye. Kanuni ya kuweka shimo la choo mita 30 kutoka kisimani inafaa penye udongo unaochuja. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, uchafu unapita humo bila kuchujwa hadi kwenye maji ya kunywa. Visiwa hivi vya Zanzibar vinakijua kipindupindu tangu 1978. Kwa hiyo shimo la kunyonya sichimbi kabisa. Najenga tangi lisilovuja.

Skuli yenye wasichana 200 na wavulana 200 inataka matundu 18 ya choo: moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Naweka masinki ya kuchuchumaa, yanayosukumwa kwa lita 2 au 3. Tangi ni mita 4 kwa 2, kina cha maji mita 1.5, ukuta wa ndani ukiacha theluthi mbili upande yanakoingia majitaka. Bomba la kutolea likae sm 7 chini ya la kuingizia. Kuchonga jiwe ni kazi nzito, basi nusu ya tangi inabaki juu ya ardhi na vyoo navyo vinapanda. Vikipanda sm 80, njia ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa mita 9.6. Wengi huifupisha, na mtoto mlemavu anabaki nje. Usikubali.

Kinachoharibu tangi ni plasta. Ukuta ulowanishwe kwanza, saruji 1 kwa mchanga 3, tabaka mbili, kona za chini zijazwe ziwe mviringo. Mchanga wa pwani uache, chumvi yake inakula nondo. Plasta ikishakomaa, jaza maji, subiri siku nzima ukuta unywe, ongeza, weka alama, funika. Yakishuka zaidi ya sm 1 kwa saa 24, angalia mabomba yanapopenya ukutani. Mara nyingi ndipo panapovuja.

Maji ya tangi nayapeleka kwenye tuta la mchanga na udongo wa kuletwa, unene mita 1, limepandwa migomba, upande wa baharini. Kisima kinakaa upande wa bara, kwa kuwa maji ya chini yanateremkia baharini. Tope likifika theluthi ya kina, gari la majitaka liitwe, kwa hiyo tangi lisijengwe mahali gari halifiki.

Kisima usikichimbe kirefu. Maji tamu yanaelea juu ya maji chumvi: yakishuka sm 10 kwa kuvutwa, chumvi inaweza kupanda karibu mita 4. Pampu ndogo ya jua inayovuta polepole mchana kutwa ni bora kuliko kubwa ya saa moja. Kabla ya kufungua, tia gramu 70 za klorini ya unga ya asilimia 70 kwa kila lita 1,000, iache usiku kucha, kisha vuta hadi harufu iishe. Chumvi ipime kiangazi, wakati wa bamvua (bahari inapojaa sana), sio siku ya kumaliza kuchimba.