Lehi Hakuwafukuza

Ndugu na dada zangu, wiki hii usingizi umenipaa. Jumanne usiku mwanangu aliniandikia: "Baba, tunafunga ndoa mwezi ujao. Utakuja?" Anaoana na kijana mwenzake. Fundisho letu sisi Watakatifu wa Siku za Mwisho juu ya ndoa mnalijua, kwamba ni ya mwanamume na mwanamke, nami ninaliamini. Lile Tangazo la Kanisa la 1995 kuhusu familia liko ukutani sebuleni kwetu tangu yeye hajazaliwa. Nilifunga, nikaomba, na kila nikiinuka magotini swali lake lilikuwa bado linaningoja kwenye simu.

Kilichonirudia ni siku nilipombatiza. Alikuwa na miaka 8. Nilimzamisha, kidole gumba cha mguu kikachomoza majini, shahidi mmoja akatikisa kichwa, ikabidi turudie. Kabla ya mara ya pili alinikamata mkono kwa nguvu akaninong'oneza, "Baba, usiniachie."

Mafundisho na Maagano 68:25, katika maandiko yetu matakatifu, inaweka dhambi juu ya kichwa cha mzazi asiyemfundisha mtoto wake. Aya hiyo nimeibeba kama gunia, nikitafuta ni jioni gani ya familia, ya kufundishana nyumbani, niliyoizembea. Lakini kosa ninalolijua kwa hakika ni jingine. Novemba 2015, Kanisa lilipoelekeza kwamba waumini walio katika ndoa za namna hii wahesabiwe waasi, na watoto wao wasibatizwe hadi wafikishe miaka 18, nilisema mezani, "Afadhali magugu yatengwe." Mwanangu alikuwa na miaka 14. Aliinamia sahani yake akaendelea kula. Aprili 2019 maelekezo yale yaliondolewa. Neno langu lilibaki moyoni mwake.

Someni tena 1 Nefi 8 katika Kitabu cha Mormoni, ile ndoto ya nabii Lehi. Tumezoea kuhubiri fimbo ya chuma iongozayo kwenye mti na lile jengo kubwa la wenye kiburi, mzee Lehi mwenyewe tunampita. Amekula tunda la mti wa uzima, na papo hapo anatamani familia yake nayo ile. Anatupa macho, anawaona wanawe wakubwa, Lamani na Lemueli, wanakataa kuja. Yeye habanduki mtini, wala hawapi kisogo. Anaamka ana hofu watatupwa mbali na uso wa Bwana, na hofu hiyo haimfanyi mkali. Anawasihi kwa upole wote wa mzazi. Kisha anapanda nao merikebu moja. Na katika 2 Nefi 4, kifo kikiwa karibu, anawaita watoto wa Lamani, halafu wa Lemueli, anawabariki, anawaambia Bwana hatakubali waangamie. Lamani yuleyule aliyewahi kutaka kumuua baba yake! Wapendwa, huyo ni nabii, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwapenda wanawe ameiacha imani.

Kuna wazazi miongoni mwetu walioteremsha picha ya mtoto ukutani. Irudisheni leo. Na ninyi mnaomuuliza mke wangu mlangoni mwa kanisa, "Bado hajarudi tu?", nawaomba kwa jina la Bwana mkome. Muulizeni kijana anaendeleaje, kazi ikoje, afya ikoje. Ana jina, na mlilitamka wenyewe alipothibitishwa kuwa muumini.

Henoko alishangaa kumwona Mungu akilia, kitabu cha Musa 7, katika Lulu ya Thamani Kuu. Baba wa Mbinguni naye ana watoto waliomwacha, na machozi yake ni kwa ajili yao. Siku hizi aya hizo siwezi kuzisoma kwa sauti.

Alhamisi nilimjibu kwamba nitakuja, na mama yake atakuja. Sikuongeza aya wala onyo. Nilimwomba radhi kwa lile neno la mezani, nikidhani labda ameshalisahau. Alikuwa analikumbuka, hata chakula tulichokuwa tunakula siku ile. Tulizungumza kwa simu hadi usiku wa manane. Ameniomba nifike siku moja kabla, nimfungie tai, hajawahi kuiweza.