Chagua Njia Uitakayo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ijumaa hii, tukiwa bado twaichangia nyumba ya kuwalea wanawake wenye ulemavu wa akili, nina kisa kimoja tu. Amekisimulia Anas bin Malik, nacho kimo katika Sahihi Muslim. Mwanamke mmoja ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia ana haja naye. Mtume akamjibu: "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako." Akasimama naye njiani mpaka haja yake ikaisha.

Kisa hiki nakisikia darsani tangu utotoni, siku zote kwa kutaja unyenyekevu wa Mtume. Juzi, tukichambua karafuu barazani usiku, ndipo nilipomtazama yule mwanamke. Hakuambiwa akamlete kaka yake aje kumsemea. Hakuitwa punguani, neno ambalo sisi hulitoa kinywani kama mtu anayeagiza chumvi. Aliitwa mama wa fulani, na njia akachagua yeye. Imam Nawawi ameeleza kuwa ile ilikuwa njia wapitayo watu: walionekana, lakini maneno yake hayakusikika. Basi siri yake ilihifadhika na heshima yake pia.

Mama mmoja wa hapa kwetu hutoka alfajiri kwenda kuchuma, na kabla hajaondoka humfungia binti yake ndani kwa kufuli. Binti ni mtu mzima. Akili tu haikukua pamoja na mwili. Msimwone mama mkatili. Anawajua wanaopita na pipi mkononi. Anajua pia kwamba mwanawe akija kusimulia yaliyompata ataulizwa siku na saa, na akichanganya, maneno yake yote yatatupwa. "Nikifa mimi, huyu abaki na nani?" Huo ndio wimbo wake.

Kwa hiyo nyumba tunayoichangia tusiifanye kufuli kubwa zaidi. Mlango uelekee barabarani. Walezi wawe wanawake, na mwanamume asiingie peke yake, hata akija na sadaka. Na watakaokaa humo waulizwe, japo ni kanga ya kuvaa.

Upande wa mchango nitasema wazi, mnisamehe. Sote twajua karafuu zikishachambuliwa huanikwa jamvini, na makonyo, vile vijiti vinavyobaki, huwekwa pembeni yakapelekwa kiwandani Wawi, Pemba, kukamuliwa mafuta. Makonyo nayo ni pesa, sikatai, na asiye na kingine Mungu amkubalie. Lakini ndoo yetu ya mchango tangu msimu uanze imejaa makonyo matupu, hata kutoka kwa wenye mikarafuu yao. Na aya tunaisoma kwa sauti nzuri: "Hamtaufikia wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda" (Aal Imran, 92). Ndoo iko palepale barazani mpaka Jumatano. Pishi moja ya karafuu kavu haitamfilisi mtu.

Jumamosi tulikwenda kwa yule mama, tukamwuliza binti mwenyewe angependa nyumba iweje. Mama alitaka kumjibia, tukamwomba asubiri. Binti alikaa kimya muda mrefu, akichezea ncha ya mtandio. Kisha akasema anataka dirisha linaloona njia.

Fundi ameshaliongeza katika hesabu ya mbao.