Siku moja maishani mwangu: miwani ya VR iliyogoma kuonyesha

Saa 2:00 asubuhi. Jumamosi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Fundi simu hapa hakosi kazi; chapati haijaisha nimeshabadilisha tundu la chaji la simu mbili.

Saa 3:10. Kijana ananipa shikamoo, anafungua mkoba na kutoa miwani ya VR, ile ya kufunika macho inayokufanya ujione uko ndani ya picha. Wikendi huwakodishia watu Coco Beach, wateja wake huanza kujaa saa tisa. "Fundi, ukiiwasha inalia, halafu giza. Fundi wa kwanza kasema kioo kimekufa."

Mafundi tunaipenda mno sentensi hiyo. Ina hela.

Saa 3:30. Naichaji kwanza, maana betri ikiisha nayo huleta giza. Kisha nabana kitufe cha kuwashia hadi izime kabisa, nawasha upya. Mlio, nembo, giza. Nembo ndiyo iliyonipa moyo: kioo kilichokufa kingeionyeshaje?

Saa 4:00. Katikati ya lenzi mbili kuna kidirisha kidogo cheusi. Hicho ni kihisi: kinatoa mwanga usioonekana, ukigonga uso na kurudi, miwani inajua imevaliwa. Simu nayo inacho, ila kazi ni kinyume. Simu ukiipeleka sikioni kioo kinazimika. Hii uso ukisogea ndipo inawaka. Nikaweka kidole. Picha! Nikatoa kidole, giza. Nikaivaa vizuri kabisa: giza.

"Hii sponji ya usoni ilikuja nayo?"

"Hapana, nimenunua nene. Ile ya zamani ilijaa jasho la watu."

Basi unene huo ndio ulioweka uso mbali na kihisi. Nikaing'oa, nikaivaa miwani hivyo hivyo, na papa akanipita puani. Dogo akapiga kelele za furaha mpaka muuza kahawa akaja kuchungulia.

Saa 4:20. Furaha haikudumu. Jicho la kulia lina doa la njano, ukubwa wa punje ya choroko.

"Mteja akimaliza huwa unaiweka wapi?"

"Juu ya kiti."

"Lenzi zimeangalia juu?"

Kimya. Aliyewahi utotoni kuunguza karatasi kwa lenzi anajua yaliyobaki. Lenzi za VR hukusanya jua na kulimwaga juu ya kioo kilicho nyuma yake, na dakika chache tu zinatosha. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa wala kwa programu. Kubadilisha kioo ni gharama isiyoendana na biashara yake, nikamwambia aache, achape kazi nalo. Nikachukua hela ya ufundi tu, akakimbilia nyumbani kuisafisha ile sponji ya zamani.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage. Binamu anapiga kutoka Dodoma: miwani yake ya VR, ile ya kuunganishwa na kompyuta, nayo ni giza tupu. Namuuliza waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha, kauchomeka wapi. Kauchomeka kwenye tundu la bodi kuu ya kompyuta, wakati kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha, ina matundu yake chini. Kauhamisha, ikawaka. Sikuacha hata kijiko.

Saa 9 hadi 11. Simu, simu, simu. Moja ilitumbukia kwenye ndoo ya dagaa.

Saa 12:15 jioni. Nafunga meza, WhatsApp inalia. Ni picha kutoka ufukweni: kiti cha plastiki, na juu yake miwani imeviringishwa kanga mara tatu.

"Imelala gizani, fundi."