Mashindano ya kuvua mto Nene, siku ya upepo

Alhamisi jioni utabiri ulisema Jumamosi upepo utatoka kusini-magharibi, ukivuma kwa vishindo hadi maili 40 kwa saa, na mvua itaanza alfajiri. Mke wangu aliusoma kwenye simu yake akaniuliza, “Baba watoto, na hii ndiyo siku ya kwenda kukaa mtoni?” Nikamwambia ndiyo, na ndani ya moyo nilikuwa nimefurahi. Wiki nzima kulikuwa na jalidi. Maji yalikuwa baridi na maangavu, na katika maji ya namna hiyo samaki hatafuni kitu. Upepo wa kusini-magharibi Uingereza huja na joto, na mvua hutia mto rangi. Sisi tungeteseka, ila samaki angefungua mdomo.

Naishi Peterborough, mashariki ya Uingereza, na huu ni mwaka wa tisa. Nilikulia Pangani, mtoto wa mvuvi wa mshipi. Nilipofika huku nilikaa miaka mitatu bila kugusa ndoana, hadi siku moja nikitoka kazini nikakuta watu wamepangana ukingoni mwa Nene, kila mmoja na eneo lake, kimya kabisa, wakivua samaki wa kuwapima na kuwarudisha majini. Nilisimama nikaangalia mpaka giza likaingia. Siku hizi mimi ni mmoja wao.

Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Kwanza uwe na leseni ya serikali ya kuvua kwa fimbo. Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni mito hufungwa ili samaki watage kwa amani, kwa hiyo mashindano ya mtoni ni ya miezi mingine, na yenye utamu zaidi ni ya baridi. Asubuhi mnapiga kura, kila mtu anapata namba ya kigingi, na hapo kwenye kigingi chako ndipo utakapokaa saa zote, pawe pazuri au pabaya. Filimbi ya kwanza ikilia unaanza, ya mwisho ikilia unaacha. Samaki wako wanakaa hai ndani ya wavu mrefu uliozamishwa majini, kisha mpimaji anapita na mizani. Wanaopimwa si trauti wala salmoni. Ni samaki wa kawaida wa mtoni: rochi mwenye magamba ya fedha na macho mekundu, brimu mpana kama sinia, na perchi mwenye milia, ambaye licha ya kushiriki jina la Kiingereza na sangara wetu wa Ziwa Viktoria (Nile perch), ni mdogo sana mbele yake. Uzito husomwa kwa ratili na wakia, vipimo vilevile nilivyovisikia kwa bibi yangu alipokuwa akisimulia maduka ya zamani.

Kazi yenyewe niliifanya Ijumaa usiku, jikoni. Nilifunga ndoana ishirini, ndogo zisizo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, kila moja na uzi wake mwembamba, nikazipanga kwenye kibao. Vidole vikishakufa ganzi huwezi kufunga ndoana mtoni. Ikikatika unatoa nyingine iliyo tayari, basi. Nilitia taulo nne kwenye mifuko miwili ya plastiki, kila mfuko na taulo mbili, na nikaapa kutofungua mfuko wa pili kabla ya saa sita mchana. Mikono ikilowa na hakuna kitambaa kikavu cha kuifutia, siku yako imekwisha, hata samaki wawe wamejaa miguuni pako. Chupa ya chai ya tangawizi. Na kilo moja ya sembe.

Sembe ni kwa ajili ya funza. Funza ndio chambo chetu kikuu, wanauzwa kwa kipimo kwenye maduka ya uvuvi, na mkavu ni mpole: anakaa kwenye boksi lake wazi siku nzima. Akishalowa tu, anashika ukuta wa plastiki na kupanda, na baada ya dakika kumi boksi ni tupu. Ukiwanyunyizia unga wa mahindi unanyonya maji, wanateleza, wanabaki chini. Wavuvi wa zamani wa huku wanalijua hilo, nao hununua unga wa mahindi dukani pamoja na chambo. Wangu natoa kwenye debe la ugali.

Tulikuwa ishirini na wawili. Nikavuta kigingi namba 14, ukingo wa kaskazini, mbele kidogo ya maboti yaliyofungwa. Mto pale unateremka kuelekea mashariki, kwa hiyo nikikaa nikautazama, maji yanatoka kuliani kwenda kushotoni, na upepo unanipiga usoni kutoka upande huohuo wa kulia. Maji yalikuwa yamepanda kama shubiri mbili, rangi ya chai ya maziwa. Kwangu hiyo ilikuwa habari njema. Mwandaaji alitukusanya akasema jambo moja tu kuhusu hali ya hewa: radi ikisikika, hata mbali, kila mtu alaze ufito chini na aondoke. Fito zetu ndefu, za kuunganishwa vipande, ni za nyuzi za kaboni, zinapitisha umeme, na hakuna samaki anayestahili kifo cha namna hiyo. Radi haikuja, namshukuru Mungu.

Mwavuli niliutega chini kabisa, mgongo wake ukiangalia upepo, nikaufunga kwa kamba tatu na vigingi vya chuma. Fundo nilifunga lile la ngalawa nililofundishwa na baba nikiwa na miaka minane. Jirani yangu wa kigingi namba 15, mzee wa miaka sabini na kitu, aliusimamisha wake juu kama wa kiangazi. Haukumaliza saa moja. Ulipaa, ukagonga maji, ukaelea kwenda zake.

Saa tatu na nusu filimbi ikalia. Nilianza kama wenzangu wote, na ufito wa mita 11 ukielekea katikati ya mto, mahali ambapo brimu hupita. Lilikuwa kosa, na lilinigharimu saa nzima. Ufito wa urefu huo upepo unaushika kama tanga. Siwezi kuutuliza, na nisipoutuliza chelezo kinakimbia juu ya maji kwa mwendo wa upepo, na chambo kinaburutwa chini kwa mwendo uleule, hali samaki amezoea chakula kinachobiringika polepole pamoja na maji ya chini. Rochi mdogo mmoja, basi. Nilimwona jirani yangu akipambana na wake, kishindo kimoja cha upepo kikaja, nikasikia mlio kama tawi kavu linavyovunjika. Kipande cha nne kilikuwa kimekatika. Aliukusanya bila neno. Nilimwonea huruma kweli, vipande vile ni ghali.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza Alhamisi: samaki wa mto uliojaa, wenye tope, anakaa wapi? Baba hakuwa akivua mkondoni bahari ikichafuka. Alitafuta ubavu wa mwamba, maji yaliyotulia, kwa sababu samaki naye anachoka kupigana na mkondo. Na maji yakiwa na tope samaki haogopi kivuli chako, anaweza kuja karibu kabisa. Nikachomoa vipande vya ufito mpaka ukabaki mita 5. Nikachukua chubwi ndogo ya kupimia kina, nikapima hatua kwa hatua: karibu na ukingo palikuwa na kina cha mita mbili na kidogo, kisha sakafu inateremka ghafla. Chini ya mteremko huo ndipo nilipotaka.

Nilibadilisha chelezo. Cha kwanza kilikuwa chepesi, cha gramu moja. Nikaweka cha gramu tatu, na juu yake, kati ya chelezo na ncha ya ufito, nikabana kipande kidogo kizito ili uzi ulale chini ya maji badala ya kupeperushwa. Sasa niliweza kukizuia: nakiacha kisogee shubiri moja, nakishika, nakiacha tena. Nikafinyanga vidonge vitatu vya unga wa makombo ya mkate, vidogo kama limau, ndani yake funza wachache na nyungunyungu waliokatwakatwa, nikavidondosha palepale. Vitatu tu. Katika baridi ukiwashibisha umewapoteza.

Dakika kumi hakikutokea kitu. Kisha chelezo kikazama taratibu, kama mtu anayevutwa shati. Rochi wa wakia tatu. Akafuata mwingine. Kuanzia saa tano kasoro mpaka saa saba nilikuwa kwenye mwendo ambao mvuvi yeyote anaujua, mikono inafanya kazi yenyewe: samaki, futa mikono, funza wawili, kidonge cha ukubwa wa mbegu ya ubuyu, shusha, shikilia. Mvua ilikuwa inakuja ubavuni na sikuijali. Mfuko wa pili wa taulo niliufungua saa sita na robo. Watu wanne walikuwa wameshakusanya vitu vyao wakaondoka. Jirani yangu alibaki, amekaa juu ya boksi lake akivua na fimbo fupi, funza wake wote wakiwa wametambaa wakaingia kwenye nyasi. Nilimpelekea gao la wangu, na sembe ya kuwanyunyizia.

Saa saba na nusu rochi wakakata ghafla. Rochi wakikimbia hivyo, mara nyingi mkubwa ameingia. Nikatoa funza, nikaweka nyungunyungu mzima, nikaongeza kina ili chambo kilale sakafuni. Nilingoja muda mrefu kuliko nilivyopenda. Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi, chelezo hakikuzama. Kilinyanyuka, kikalala ubavu. Brimu huinua chambo kutoka chini na hivyo ndivyo anavyojionyesha. Nilipovuta, mpira ulio ndani ya ncha ya ufito ukatoka polepole, mzito, bila fujo. Brimu hapigani sana, lakini mtoni uliofurika ubavu wake mpana unatosha. Shida ilikuwa kimia, kile kiwavu cha kumpokelea samaki. Kila nikikinyanyua upepo unakijaza kama kishada. Nikakizamisha chote majini, nikakiacha hukohuko, nikamvuta samaki juu yake mpaka nikaona kichwa kimepita ukingo wa wavu. Miguu ilikuwa inanitetemeka.

Filimbi ya mwisho ililia saa nane na nusu. Mpimaji alinisomea ratili 7 na wakia 4, kama kilo 3.3, na brimu peke yake akiwa karibu ratili mbili na nusu. Aliyeshinda alikuwa na ratili 19, brimu watupu, kutoka kigingi kilichokingwa na maboti. Mimi nikawa wa tatu. Niliinamisha wavu nikawaacha waende. Rochi walipotea papo hapo, brimu alikaa kidogo kwenye maji ya miguuni pangu akivuta pumzi, kisha akazama kwenye tope.

Jirani yangu alipimwa ratili 3 na wakia 11, nyingi alizipata saa ya mwisho. Alikuja kunisaidia kukunja mwavuli, akauliza ule unga ni wa aina gani, mbona ni mlaini kuliko wa dukani. Nikamwambia ni chakula chetu. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kilo mbili: moja ya funza, moja ya kupika, na mke wangu alikuwa ameniandikia kwenye karatasi namna ya kuusonga.